Faili Litembee, Mtoto Atulie: Namna ya Kushirikiana Kumlinda Mtoto Aliyefanyiwa Ukatili

Mtoto mmoja wa darasa la nne, kwenye kata moja ya Mufindi, niliwahi kumhesabia watu aliowasimulia yaliyompata. Mwalimu wa zamu. Mwalimu mkuu. Mtendaji wa kijiji. Askari wa kaunta. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto. Muuguzi wa mapokezi. Tabibu. Mpelelezi aliyepewa jalada. Watu wanane ndani ya siku nne, na kila mmoja alianza naye upya: "Haya, hebu tueleze ilikuwaje." Alipofikishwa kwangu, afisa ustawi wa jamii, mimi ndiye nilikuwa wa tisa. Aliinamisha kichwa, akawa anazungusha kifungo cha sweta lake la shule, anazungusha tu, mpaka uzi ukakatika na kifungo kikabaki kiganjani. Hakusema neno.

Kati ya wale wanane hakuna aliyemtakia mabaya. Kila mmoja alifanya kazi yake kama alivyofundishwa. Ila hatukuwa tumepangana, na gharama ya kutopangana kwetu aliilipa mtoto. Tangu siku ile nimekuwa nikisisitiza jambo moja kwa walimu, watendaji, askari na wauguzi ninaofanya nao kazi huku Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania: faili ndilo litembee kutoka ofisi moja kwenda nyingine, mtoto atulie. Hatua zinazofuata zimejengwa juu ya hilo. Nitazungumzia zaidi ukatili wa kingono, maana ndiko tunakokosea sana, lakini mtoto aliyechomwa moto au kupigwa hadi kuvunjika mkono hupitia njia hiyo hiyo.

Kabla halijatokea

Ukisubiri tukio ndipo utafute namba ya tabibu, umeshachelewa. Kila kijiji, mtaa na kata inatakiwa kuwa na Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto. Kamati hizi ziliwekwa ngazi zote hadi taifa chini ya MTAKUWWA, Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, ulioanza mwaka 2017/18 na ambao sasa uko awamu ya pili, 2024/25 hadi 2028/29. Kwenye karatasi kamati zipo. Jiulize ya kwenu ilikaa lini mara ya mwisho, na kama mwalimu wa malezi anamfahamu askari wa Dawati la Jinsia na Watoto kwa jina.

Kaeni nusu siku. Andikeni karatasi moja yenye namba za afisa ustawi wa jamii, askari wa dawati, tabibu wa zamu wa kituo cha afya, mtendaji wa kata, mwalimu wa malezi na msaidizi wa kisheria wa eneo lenu. Kila nafasi iwe na watu wawili, maana askari huhamishwa na tabibu naye hulala. Juu kabisa andikeni 116, Simu ya Huduma kwa Mtoto, inayopigwa bure. Bandikeni karatasi hiyo ndani ya mlango wa kabati: shuleni, zahanati, ofisi ya kijiji.

Halafu zungumzeni usafiri, na muuzungumze kwa uwazi. Kutoka vijiji vya milimani Kilolo au Makete kwenda hospitali ya wilaya wakati wa masika, barabara imegeuka tope, si safari ya kupanga saa mbili usiku mkiwa mmesimama na mtoto anayelia. Ni bodaboda gani anaaminika? Mama wa kumsindikiza ni nani? Mafuta analipa nani? Kata moja niliyofanya nayo kazi waliweka bahasha ya nauli kwa mtendaji, ikawa haiguswi kwa jambo jingine lolote, hata mgeni wa wilayani akija. Bahasha ile imeokoa watoto kuliko semina nyingi nilizohudhuria.

La mwisho kabla hamjatawanyika: kila mtu ajue kazi yake inaishia wapi. Mwalimu anasikiliza na kutoa taarifa, hapelelezi. Mtendaji anahakikisha taarifa inafika na mtoto anasafirishwa, hasuluhishi. Tabibu anatibu na kuandika alichokiona, haamui nani mkosaji. Askari anapeleleza. Afisa ustawi wa jamii ndiye msimamizi wa shauri, yule anayejua kila saa mtoto yuko wapi na faili liko kwa nani. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 94, imeweka wajibu wa kuwalinda watoto mikononi mwa serikali za mitaa. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa aifikishe huko. Kwa hiyo hakuna wa kusema "hayo si yangu".

Maneno ya kwanza

Mtoto huwa hatoi habari hii kwa mpangilio. Huanza kwa kukataa kwenda nyumbani kengele ikilia, au kwa kuumwa tumbo kila Ijumaa. Siku akisema, husema nusu. Yeyote atakayekuwa amesimama mbele yake wakati huo, mara nyingi mwalimu au bibi, ana kazi ndogo ambayo ni ngumu sana: kusikiliza bila kuchimba.

Mwambie, "Umefanya vizuri kuniambia. Si kosa lako." Usimwahidi kwamba hutamwambia mtu, maana utamwambia. Mwambie ukweli: "Kuna watu wawili watatu inabidi wajue ili wakusaidie." Usimuulize kwa nini hakupiga kelele. Usimtajie jina la mtu unayemshuku. Ukishajua mambo matatu, yaani kuna jambo limempata, ni takribani lini, na kama aliyemfanyia anaishi naye, inatosha. Nyamaza, kaa naye.

Akishatulia, chukua daftari uandike maneno yake vilevile alivyoyatoa. Watoto wengi wa huku husema "alinifanyia tabia mbaya". Andika hivyohivyo, "alinifanyia tabia mbaya", usigeuze kuwa "alinibaka" kwa kudhani unasaidia. Mbele ya safari, wakili wa utetezi atauliza lilikotoka neno ambalo mtoto wa miaka saba hajawahi kulitamka. Mahakama ya Rufani yenyewe imeshakubali kwamba kwa mila zetu shahidi halazimiki kutaja kila kitu waziwazi. Na akisema kwa Kihehe, Kinyakyusa au Kisafwa, andika kwa lugha hiyo kwanza, tafsiri baadaye. Weka tarehe, saa, na jina lako. Ukurasa huo mmoja ndio utakaowazuia wengine wote kumuuliza upya.

Kisha piga simu kwa afisa ustawi na askari wa dawati, palepale. Simu ya tatu ni kwa kituo cha afya ili wajue mtoto anakuja na asikae kwenye foleni ya wagonjwa wa malaria huku watu wakimtazama.

Saa 72

Kama ni ukatili wa kingono, saa zinahesabika. Dawa kinga dhidi ya VVU inatakiwa ianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri inavyowahi ndivyo inavyofanya kazi vizuri zaidi. Humezwa kwa siku 28. Msichana aliyekwisha kuvunja ungo anaweza kupewa dawa ya kuzuia mimba hadi saa 120, ingawa nayo huwa na nguvu zaidi ikiwahi. Vielelezo vya mwilini navyo hupotea haraka. Hata hivyo, mtoto aliyesema baada ya wiki tatu au mwaka naye apelekwe hospitali. Ana majeraha na magonjwa ya kuangaliwa, na tabibu bado ana la kuandika.

Hapa ndipo PF3 huleta mkwamo. Fomu hii hutolewa na polisi, na tabibu huijaza baada ya kumpima mtoto. Nimeshaona mtoto anakaa benchi la zahanati huku mlezi akirudishwa kilomita kadhaa kwenda kuifuata. Mtoto anayevuja damu hasubiri fomu. Atibiwe kwanza, askari aijaze na kuileta hospitalini. Mkishakuwa mmepigiana simu, hilo ni suala la dakika chache. Baadhi ya hospitali zina kituo cha Mkono kwa Mkono, ambako tabibu, askari, ustawi na mshauri wa kisaikolojia wanapatikana mahali pamoja. Kama chenu kipo, kitumieni. Kama hakipo, tengenezeni cha kwenu kwa chumba kimoja chenye pazia na watu wanne walioitwa kwa wakati mmoja.

Nguo nazo zina habari yake. Mtoto asiogeshwe wala nguo zisifuliwe kabla ya kupimwa. Lakini kama mama ameshamwogesha, asigombezwe, amefanya ambalo mama yeyote angefanya. Kila vazi liwekwe peke yake kwenye bahasha ya kaki au gazeti safi. Mfuko wa nailoni hapana. Nakumbuka gauni moja lililoletwa kwetu kutoka upande wa Rungwe, limefungwa kwenye nailoni siku sita, mvua za kule zinajulikana. Tulipofungua, lilikuwa na ukungu wa kijani kuanzia kwenye mkanda hadi kwenye pindo, na lililokuwa juu yake halikusomeka tena. Kila bahasha iandikwe nani aliipokea kutoka kwa nani, tarehe na saa, mpaka inapofika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda Mbeya. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, kielelezo kinakosa nguvu mahakamani.

Tabibu, andika kwa mwandiko unaosomeka na uweke namba yako ya simu. Kesi inaweza kusikilizwa ukiwa umeshahamishiwa kituo kingine.

Mahojiano mara moja

Hii ndiyo hatua inayohitaji unyenyekevu kwetu sisi wataalamu, maana kila mmoja hupenda kusikia kwa masikio yake. Panga hivi. Msimamizi wa shauri awaombe askari, tabibu na mwalimu waandike maswali wanayoyahitaji. Wapewe pia ule ukurasa wa mwalimu, ili yaliyokwisha kujulikana yasiulizwe. Kisha mtu mmoja, yule ambaye mtoto anaonekana kumwamini, aulize. Mpelelezi akae pembeni akiandika, asiye na sare. Mzazi au mlezi asiyehusika na tuhuma akae karibu, kama mtoto anataka. Wengine wote watasoma maelezo.

Muulizaji aanze na mambo ya kawaida, kuku, mdogo wake, mpira. Maswali yawe ya kumwachia nafasi: "Niambie kuanzia ulipotoka shule." "Halafu?" Usimpe majibu ya kuchagua. Saa na tarehe watoto wengi hawajui, kwa hiyo muulize kwa mambo anayoyaishi: ilikuwa kabla ya kula au baada, mlikuwa mmeshafunga mifugo, kengele ya kanisa ilikuwa imelia, baba alikuwa amehamia shambani kuinga ndege kwenye mpunga? Kule Mbarali swali hilo la mwisho limetusaidia kujua mwezi wa tukio. Akichoka, mnasimama.

Baada ya hapo atasimulia tena mara moja tu, mahakamani. Tabibu anaweza kuwa na maswali mawili ya matibabu, ni sawa, lakini awe ameshasoma. Mwingine yeyote anayetaka kusikia asome faili.

Neno kuhusu wavulana. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 kati ya 10 na mvulana 1 kati ya 7 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufikisha miaka 18. Mvulana 1 kati ya 7. Hesabu darasa la wavulana 35. Sisi hatuwaoni kwa sababu hatuwaulizi, na wao hawasemi kwa kuogopa kuchekwa. Kijana anayechunga ng'ombe Usangu au anayelala kwenye kibanda cha mbao Mafinga akianza kubadilika, muulize kwa upole uleule.

Usiku wa leo atalala wapi

Kabla jua halijazama, msimamizi wa shauri lazima awe na jibu. Mtuhumiwa akiwa anaishi nyumba moja na mtoto, anayepaswa kuondoka ni mtuhumiwa. Asipokamatwa siku hiyo, tafuta ndugu ambaye hataegemea upande wa mtuhumiwa, umuulize kwa kumtazama usoni kama yuko tayari kumfungia mlango shemeji yake. Halmashauri nyingine zina familia za kuaminika zilizoandaliwa kupokea watoto kwa muda. Makao ya watoto yawe mwisho wa orodha. Mtoto anayetolewa kwao, akaachishwa shule na kupelekwa kwa watu asiowajua, huona yeye ndiye aliyefungwa.

Hapa watu huchanganya mahakama mbili. Mtuhumiwa mtu mzima hushtakiwa kwa jinai katika mahakama ya kawaida. Lakini amri ya mtoto kukaa wapi na kwa nani inaweza kutolewa na Mahakama ya Mtoto, inayoongozwa na hakimu mkazi, afisa ustawi akiwa na taarifa yake mkononi. Mashauri hayo mawili yanaweza kwenda sambamba. Msingoje moja liishe.

Ndani ya siku chache fanyeni kikao cha shauri. Kiwe kifupi, chenye watu wanaohusika tu, na kila mmoja aondoke na kazi moja na tarehe yake. Jina la mtoto lisiandikwe kwenye barua ya wito, tumieni namba ya jalada. Na tafadhali, kundi la WhatsApp la kata si mahali pake. Habari ikiingia mle saa nne, saa sita imefika sokoni.

Kuyamaliza nyumbani

Kesi nyingi hazifi mahakamani. Zinafia sebuleni, wazee wameketi, na ng'ombe mmoja au fedha ya kununulia bati imetajwa. Sisi huja na lugha ya vitisho: "Mama, ukikubali utafungwa." Mama anatuitikia "ndiyo afande, ndiyo mwanangu", na wiki inayofuata binti hayupo.

Ni lazima tuelewe kwa nini. Adhabu ya kubaka ni kifungo kisichopungua miaka 30, na mtoto akiwa chini ya miaka 10 ni kifungo cha maisha. Familia inajua hivyo. Ikiwa mtuhumiwa ndiye anayelipa ada na kununua mbolea, mama anapiga hesabu ya nyumba nzima. Kwa hiyo pamoja na kumweleza kwamba kesi hii ni ya Jamhuri na wazee hawana mamlaka ya kuifuta, muulize: "Mama, mtakula nini?" Kisha fuatilia jibu lake. Mtendaji aangalie kama kaya inastahili kuingia TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Shule itafute namna ya kumsaidia mtoto abaki darasani. Kanisa au msikiti unaowaamini uombwe msaada wa mahindi bila kuambiwa kisa. Msaidizi wa kisheria, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, amtembelee mama amweleze kesi ilipofikia. Mama anayejua tarehe ijayo na ana debe la mahindi ndani ni vigumu kununuliwa.

Njia ya kawaida ya kumpoteza shahidi huku kwetu ni basi. Binti anapandishwa Makambako au Mafinga, anakwenda Dar es Salaam kufanya kazi za ndani. Ndiyo maana daftari la mahudhurio la mwalimu ni sehemu ya ulinzi. Kubalianeni kwamba mtoto mwenye shauri akikosa shule siku mbili, mwalimu anampigia msimamizi wa shauri siku hiyohiyo. Mara moja simu ya namna hiyo ilitukutanisha na binti akiwa amekaa stendi na mfuko wake wa rambo, anasubiri gari la saa kumi na mbili.

Mahakamani

Umri ndio unaoangusha kesi kirahisi kuliko yote. Uthibitisheni mapema: cheti cha kuzaliwa, kadi ya kliniki, au mzazi mwenyewe aseme mahakamani mtoto alizaliwa lini. Kama cheti hakipo, afisa ustawi asaidie ufuatiliaji wiki ya kwanza kwa RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo.

Mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwa Sheria ya Ushahidi ni lazima aahidi kusema kweli na si uongo, na ahadi hiyo iwe kwenye kumbukumbu za mahakama. Mwendesha mashtaka, hakikisha imeandikwa. Hakikisha pia kwamba PF3 ikishapokelewa inasomwa kwa sauti, la sivyo hukataliwa kwenye rufaa. Katika kesi za kingono ushahidi hutolewa faraghani na habari zake hazitangazwi.

Wiki moja kabla, mpeleke mtoto aone chumba kikiwa kitupu. Mwonyeshe hakimu hukaa wapi, yeye atasimama wapi. Usimfundishe la kusema. Siku yenyewe aje na nauli ya kurudi na kitu cha kula, na asikae benchi moja na ndugu wa mtuhumiwa. Shauri likiahirishwa, msimamizi ndiye amwambie, asipate habari kwa watu.

Kufunga faili

Hukumu ikitoka, ofisi nyingi huweka jalada kabatini. Kwa mtoto bado. Ile dawa ya siku 28 ilihitaji mhudumu wa afya ngazi ya jamii kupita nyumbani kila baada ya siku chache, na tarehe za kurudi kupimwa zinahitaji vivyo hivyo. Aliyepata mimba ana haki ya kurejea shule baada ya kujifungua, kwa utaratibu uliotangazwa Novemba 2021. Mwalimu mkuu akumbushwe kabla hajampa mwingine kiti chake. Mtuhumiwa akiachiwa, mtoto asikutane naye kisimani bila kujua.

Mimi hupita baada ya mwezi, baada ya miezi mitatu, kisha baada ya nusu mwaka. Simuulizi chochote kuhusu yaliyopita. Naangalia madaftari yake, namuuliza analala kwa nani, naongea na mwalimu wake pembeni, na mama namwamkia "kamwene" kama jirani mwingine yeyote. Nikiona anacheza na wenzake bila kugeuka nyuma kila mara, naandika hivyo kwenye ukurasa wa mwisho, naweka saini na tarehe, na nakala moja inakwenda dawatini ili nao walifunge la kwao.